Wakati Ujao wa Karibu katika Lugha ya Kifaransa

Mswahili ajifunzapo Kifaransa hukuta kwamba lugha hiyo ina njia mbili za kutaja jambo ambalo halijatokea bado. Ya kwanza ni wakati ujao wa kawaida, uonyeshwao na mwisho wa kitenzi: je chanterai, nitaimba. Ya pili huundwa kwa vitenzi viwili: je vais chanter, ambayo neno kwa neno ni "naenda kuimba". Hii ya pili Wafaransa huiita futur proche, yaani wakati ujao wa karibu. Kwa kuwa zote mbili aghalabu hufasiriwa kwa -ta-, wanafunzi wengi hudhani kwamba hazina tofauti, au kwamba tofauti yao ni ya wingi wa siku tu. Makala haya yataeleza kwanza umbo la wakati huo, kisha maana yake.

Hutwaliwa kitenzi aller, maana yake kwenda, katika wakati uliopo, nacho hufuatwa na kitenzi kikuu katika umbo lililo mfano wa lile letu lenye ku-. Tukichukua parler, kusema, twapata:

je vais parler, nitasema
tu vas parler, utasema
il va parler, elle va parler, atasema
nous allons parler, tutasema
vous allez parler, mtasema
ils vont parler, elles vont parler, watasema

Vous hutumika pia aambiwapo mtu mmoja wa kuheshimiwa. Msomaji ataona kwamba parler haibadiliki hata mara moja. Kazi yote ya kuonyesha nafsi imebebwa na aller. Kwa hiyo aliyekwisha kuzihifadhi sura hizi sita aweza kukitumia kitenzi chochote, hata vile vyenye kusumbua kama être, kuwa, na faire, kufanya.

Katika kukanusha, maneno ne na pas hukizunguka kitenzi cha kwanza: je ne vais pas parler, sitasema. Lakini neno la kumtaja mtendwa hukaa mbele ya kitenzi cha pili: je vais le lire, nitakisoma. Jambo hili si geni kwetu, kwani hata sisi tukisema "naenda kukisoma", ile -ki- yashikamana na kusoma, si na kwenda. Palipo na kujitenda, Kifaransa hubadili neno kwa kila nafsi: je vais me cacher, nitajificha, tu vas te cacher, utajificha, ambapo -ji- yetu ni ile ile siku zote.

Sasa tuje kwenye maana. Mfaransa aonapo mawingu meusi husema il va pleuvoir. Mvua haiendi popote. Aller hapa imekwisha kupoteza miguu yake, na ndiyo sababu yawezekana kusema je vais aller, nitakwenda, bila kurudia neno bure. Wala ukaribu wenyewe si wa saa. Mtu aweza kusema je vais me marier dans deux ans, nitaoa baada ya miaka miwili, maana nia ameshaifunga leo. Kinachotajwa ni jambo ambalo mizizi yake imo tayari katika wakati uliopo.

Mfano mmoja watosha kuonyesha uzito wa tofauti hii. Elle aura un enfant ni kusema kwamba mwanamke fulani siku moja atapata mtoto. Elle va avoir un enfant kwa kawaida ni habari kwamba ana mimba sasa. Mfasiri akiiandika ya pili "atapata mtoto", msomaji aweza kuidhani dua au matumaini. Na ikiwa ni barua ya mganga, mama huyo aweza kupewa dawa isiyomfaa mjamzito. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na maandishi ya Kifaransa yenye kuhitaji kufasiriwa yatazidi kutufikia. Katika mahali kama hapo yafaa kuandika "ni mjamzito".

Kiswahili hakikosi njia zake. Twasema "yu karibu kuondoka", na tena "mvua yataka kunyesha", ingawa mvua haina matakwa. Kutaka huku ni jambo la kale katika lugha yetu: -ta- yenyewe yatokana na -taka, ambayo bado yaonekana kamili katika "atakayekuja". Basi kitenzi kile kile kimechakaa kikawa kiambishi, kisha kikatumika upya kikiwa kizima. Kifaransa nacho kilipita njia kama hiyo. Chanterai yatokana na maneno mawili ya Kilatini, cantare habeo, yaani kuimba pamoja na "ninacho". Yaliposhikamana yakawa neno moja, ndipo baadaye aller ilipokuja kufanya kazi mpya kando yake.

Lakini mtu asidhani kwamba kwenda huelekea mbele katika kila lugha. Katika Kikatalani, jirani wa Kifaransa, vaig cantar, ambayo kwa sura ni "naenda kuimba", maana yake ni "niliimba". Na kitenzi kuja, ambacho sisi twakielekeza mbele tusemapo "utakuja kujuta", Wafaransa hukielekeza nyuma: je viens de manger, ndiyo kwanza nimekula. Kwa hiyo mfasiri asiulize kitenzi hiki chaitwaje kwetu, bali aulize msemaji amesimama wapi, na jambo analolitaja limekwisha kuanza kuota mizizi au bado.