Kisu na Chombo cha Angani

Waandishi wa hadithi za kubuni wana desturi ya siku nyingi ya kukutanisha vifaa ambavyo historia haikuvikutanisha. Shujaa husafiri kutoka nyota hadi nyota, kisha akishuka hupigana kwa kisu. Kompyuta huendeshwa kwa mvuke wa makaa ya mawe. Askari hushika mikuki huku ndege zisizoonekana zikipita juu ya vichwa vyao. Msomaji huukubali mchanganyiko huo au huukataa kwa jambo moja: kama ulimwengu anaosimuliwa una sababu ya kuwa hivyo ulivyo.

Sababu hiyo imefikiriwa kwa kina katika Dune, riwaya ya Mmarekani Frank Herbert iliyotoka mwaka 1965. Hadithi yake imewekwa maelfu ya miaka ijayo, katika dola iliyoenea sayari nyingi. Watu wa vita humo huvaa kinga isiyoonekana inayouzunguka mwili mzima. Kinga hiyo huzuia kila kinachokuja kwa kasi, kwa hiyo risasi haifui dafu. Ncha ya kisu inayosukumwa polepole ndiyo inayopenya. Bunduki za miale zipo pia, lakini mwale ukikutana na kinga hutokea mlipuko unaoweza kumwangamiza mpigaji pamoja na mpigwa. Basi watoto wa mabwana wakubwa hufundishwa visu tangu utotoni, na ufundi wenyewe ni kuupunguza mkono mwendo pale unapokaribia mwili wa adui.

Herbert alilisukuma wazo hili mbele zaidi. Kwenye sayari ya jangwa ya Arrakis, kinga hizo huwapandisha wazimu minyoo wakubwa wanaoishi chini ya mchanga. Wenyeji wa jangwani, Wafremeni, hawazivai, na visu vyao huenda kwa kasi. Kijana Paul Atreides, mhusika mkuu, anapolazimika kupigana na mmoja wao, Jamis, mkono wake uliozoea kinga unasita kila unapofika kwenye shabaha. Watazamaji wanadhani anamchezea mwenzake kwa ukatili. Katika tukio hilo moja, silaha ya kale na kifaa cha siku zijazo vimeacha alama kwenye misuli ya mtu, na hapo ndipo ustadi wa mwandishi unapoonekana. Kompyuta nazo hazimo katika dola hiyo kwa sababu inayoeleweka: zamani palikuwa na vita dhidi ya mashine zinazofikiri, na tangu hapo zimepigwa marufuku. Kazi yake hufanywa na watu waliofunzwa kupiga hesabu nzito kichwani.

Anayeona mchanganyiko kama huu kuwa ndoto tupu aitazame Zanzibar ya tarehe 27 Agosti 1896. Siku hiyo Khalid bin Barghash, aliyekuwa amekikalia kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza, alilinda kasri lake kwa bunduki za rashasha za Maxim, mizinga miwili iliyokuwa zawadi ya Mfalme Wilhelm II wa Ujerumani, na mzinga wa shaba wa karne ya 17. Bandarini ilikuwapo meli ya kisultani, Glasgow, yenye matanga na injini ya mvuke kwa pamoja. Vita na Waingereza havikufika hata saa nzima, na meli hiyo ilizamishwa. Vifaa vya karne tofauti vilikuwa kwenye ufukwe mmoja asubuhi moja. Hata jeshi la Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili, linalokumbukwa kwa vifaru na ndege zake, lilitegemea farasi zaidi ya milioni mbili kuvuta mizinga na mizigo. Kitu kipya huingia mahali palipo na fedha, mafuta na mafundi wake, na pasipo na hivyo cha zamani huendelea na kazi. Kwa hiyo riwaya ambayo kila kitu ndani yake ni kipya sawasawa ndiyo iliyo mbali zaidi na maisha.

Njia nyingine ya kuvikutanisha vifaa vya nyakati tofauti ni kuirudisha historia nyuma na kuipitisha barabara ambayo haikuifuata. Huo ndio mkondo uitwao stimpanki, jina lililobuniwa na mwandishi K. W. Jeter mwaka 1987. Kitabu maarufu cha mkondo huo ni The Difference Engine cha William Gibson na Bruce Sterling, kilichotoka mwaka 1990. Kinamhusu kwa mbali Charles Babbage, Mwingereza wa karne ya 19 aliyesanifu mashine ya magurudumu ya kupigia hesabu, kisha nyingine ya kupokea maagizo kwa kadi zenye matundu kama zile za mitambo ya Jacquard ya kufumia vitambaa. Serikali ilitumia zaidi ya pauni 17,000 kwa mashine ya kwanza, ikajitoa mwaka 1842 bila mashine kukamilika. Gibson na Sterling wanaanza pale ambapo Babbage amefaulu: London ya mwaka 1855 ina serikali inayohifadhi habari za raia wake kwenye kadi. Dhana hiyo ina msingi. Mwaka 1991 Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London lilikamilisha sehemu ya kukokotoa ya muundo wa pili wa mashine ya Babbage ya magurudumu kwa kufuata michoro yake, ikafanya kazi.

Njia ya tatu ni kumrudisha nyuma mtu mmoja. Lyon Sprague de Camp, katika riwaya ya Lest Darkness Fall, alimpeleka msomi wa kisasa, Martin Padway, hadi Italia ya mwaka 535. Wengi wangempa bunduki. De Camp alimpa hesabu. Padway anapata mkopo kwa benki ya Thomasus, Msiria, kwa kuwafundisha makarani wake tarakimu za Kiarabu, kisha anatengeneza mvinyo mkali wa kukenekwa na hatimaye matbaa. Jitihada zake za kupata baruti zinashindikana. Jambo hilo ni la kweli kabisa: ujuzi wa kichwani haufiki popote bila madini safi, vipimo na mafundi waliozoea kazi, ilhali tarakimu zinahitaji kalamu tu.

Waandishi wenye asili ya Afrika wameongeza suala la urithi. Katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, walinzi wa mpaka wa Wakanda, nchi ya kubuni, huvaa mablanketi yanayofanana na ya Wasotho, ambayo yakitandazwa mbele hugeuka ngao. Mikuki ya walinzi wa mfalme haishawishi kama mablanketi hayo, kwani filamu haielezi vya kutosha kwa nini taifa lenye ndege za ajabu limeichagua. Nnedi Okorafor amefika mbali zaidi katika hadithi yake Binti, ya mwaka 2015. Mhusika mkuu, anayeitwa Binti pia, ni msichana wa Kihimba, hodari wa hisabati, ambaye kwao hutengeneza astrolabu, chombo cha wanajimu wa kale kilichogeuzwa kifaa cha mawasiliano na kumbukumbu za mtu. Anasafiri ndani ya chombo cha angani kilicho hai, huku amejipaka otjize, udongo mwekundu wa kwao. Baadhi ya watu anaokutana nao safarini wanauona udongo huo kama ushamba. Baadaye unatokea kuwa na uwezo wa kuponya majeraha ya viumbe waliokivamia chombo hicho, na hilo linamsaidia Binti kuelewana nao.