Somo la Redio: Kuipandisha Volti kwa Vidato

Kaeni karibu na redio, mkashike kalamu na madaftari. Leo tutajifunza jinsi fundi anavyobuni kwantaiza, yaani chombo kidogo cha kunyosha sauti katika sintesaiza.

Sintesaiza ni nini? Ni chombo cha muziki kitumiacho umeme. Nyingine hufanywa kwa visanduku vingi vilivyounganishwa kwa nyaya. Robert Moog wa Marekani alianza kutengeneza za namna hii mwaka 1964. Katika vyombo vyake, volti ikiongezeka kwa 1, sauti hupanda oktava nzima. Oktava ina vidato 12. Basi gawanya volti 1 kwa 12: kidato kimoja ni milivolti 83 na kidogo.

Shida iko wapi? Volti hupanda kama maji mtungini, bila vidato. Mpiga zeze huweza kuweka kidole popote juu ya uzi; mpiga kinanda hana ila vibao vyake. Kwantaiza huifanya volti ifuate desturi ya kinanda.

Kazi yake ni hii. Kwanza, hupima volti iingiayo. Pili, huizidisha kwa 12. Tatu, huchukua namba nzima iliyo karibu. Nne, huigawanya namba hiyo kwa 12, na jibu ndiyo volti itokayo. Mfano: imeingia volti 0.52. Mara 12 ni 6.24. Namba ya karibu ni 6. Gawanya kwa 12, itatoka volti 0.5.

Fundi aangalie mambo mawili. La kwanza ni usahihi. Kosa la milivolti 5 ni sehemu 6 katika 100 za kidato. Ukipiga pamoja na wenzako, sikio litalijua.

La pili ni mpaka. Kati ya volti 0.500 na 0.583, katikati ni 0.542. Volti ikitikisika hapo, sauti itarukaruka kama mtu asiyejua aingie au atoke. Dawa yake ni hii: ikipanda, isibadilike mpaka ipite 0.550, ikishuka, isibadilike mpaka ipungue chini ya 0.534.

Zoezi: imeingia volti 1.30. Itatoka ngapi? Fanyeni hesabu kwanza, ndipo msome jibu.

Jibu: 1.30 mara 12 ni 15.6, namba ya karibu ni 16, gawanya kwa 12, ni volti 1.333.

Kwaherini, hata somo lijalo.