Vijana Wetu na Mashindano ya Historia

Miongoni mwa mambo yanayompa mzazi furaha ni kumwona mtoto wake amesimama mbele ya hadhara, akaulizwa swali, akalijibu kwa sauti isiyotetemeka. Ndiyo maana mashindano ya maswali na majibu, ambayo wengi huyaita chemsha bongo, yanapendwa katika shule na madrasa zetu. Swali husomwa, kengele hugongwa, jibu hutoka, na watu hushangilia. Sisi nasi twayapenda mashindano haya, na twawasihi wazazi wawaruhusu vijana wao, wa kiume na wa kike, wayaingie. Lakini yatupasa tujiulize: baada ya zawadi kugawanywa na watu kurejea majumbani, ni elimu gani iliyobaki kwa kijana?

Swali hili lina uzito kuliko zamani. Mitaala mipya iliyoanza kutumika nchini Tanzania mwaka 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Basi haikosi watoto wetu wataulizwa habari za kale darasani, katika mitihani na katika mashindano. Na kwa jamaa walioko Dodoma, Kondoa, Mpwapwa, Kongwa na Singida, ni vyema wajue kwamba ardhi wanayoikanyaga ina historia kubwa, ambayo sehemu yake haijaandikwa katika kitabu chochote cha shule.

Faida za mashindano ni dhahiri. Kijana hujizoeza kuhifadhi, hujifunza kusema mbele ya watu, na hujua kwamba ushindi wa kundi hauletwi na mtu mmoja. Akishindwa kwa haki akampa mkono mwenziwe, amepata adabu ambayo ni zawadi kubwa kuliko daftari na kalamu. Hatari ni moja: mtoto kudhani kwamba kujua historia ni kujua mwaka na jina, basi. Aulizwapo, ‘Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka gani?’ hujibu upesi, ‘1910,’ akapata alama zake. Ukimwuliza amejuaje, au reli hiyo iliwabadilishia nini wenyeji, hunyamaza.

Wanazuoni wetu hawakuridhika na elimu ya namna hiyo. Walipokusanya Hadithi waliuliza kila habari imepokewa na nani, naye aliipokea kwa nani, na kama wapokezi hao walikuwa wakweli wenye kumbukumbu nzuri. Ndiyo elimu ya isnadi. Naye Ibn Khaldun, aliyemaliza kuandika Mukadima yake mwaka 1377, aliwalaumu waandishi wa tarehe walionakili hesabu za majeshi bila ya kuzipima kwa akili. Kijana wa Kiislamu anayeingia katika mashindano ya historia amerithi njia hiyo, wala haimpasi kuiacha mlangoni.

Na tutoe mfano wa hapa hapa nyanda za kati. Mwezi wa Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya upande wa Waingereza yakiongozwa na Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini yaliuteka mji wa Kondoa-Irangi. Mwezi uliofuata Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck waliushambulia mji huo ili waurejeshe, wasiweze. Haya ni maswali mazuri ya mashindano: mwaka gani, wapi, nani aliongoza. Majibu yake yamo vitabuni, na mtoto mwenye bidii atayapata.

Lakini ni watoto wangapi watakaojibu swali la pili: ng'ombe na nafaka za kuwalisha askari hao zilitoka wapi, na mizigo yao ilibebwa na nani? Vilitoka kwa wenyeji. Pande zote mbili zilichukua mifugo, chakula na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakatika, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyodumu tangu 1917 hata 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo, amekadiria kwamba iliua watu wapatao 30,000 kati ya watu 150,000 wa eneo hilo. Hebu tafakari, ndugu msomaji: mmoja katika kila watano! Mtoto akiyajua majina ya majenerali na asiijue Mtunya, ameijua vita ya wageni, hajaijua historia ya kwao.

Walioiona Mtunya kwa macho wametangulia mbele ya haki. Waliobaki ni wazee waliosimuliwa na baba na mama zao. Hiyo ni isnadi fupi, yenye wapokezi wawili tu, na kila mwaka pete zake zinakatika. Mzee akizikwa kabla ya kuulizwa, hapana kitabu kitakachotujibu badala yake.

Mfano mwingine ni Kongwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi mkubwa wa karanga. Ardhi ilikuwa ya udongo mgumu, ukikauka huwa kama saruji, na mvua ilikuwa haba. Mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Tarehe hizi zafaa kukaririwa, lakini funzo ni kubwa kuliko tarehe: wenyeji waliokuwa wakiishi na ukame ule miaka nenda miaka rudi walikuwapo, na wangaliulizwa kwa heshima wangaliweza kusema mengi. Na Kongwa hiyo hiyo, kuanzia miaka ya 1960, iliwapokea wapigania uhuru wa Afrika Kusini na nchi nyingine za kusini. Basi mji mmoja mdogo una milango miwili ya historia ya dunia.

Hata habari za kupigania uhuru wetu zimo majumbani. Mohamed Said, katika kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes kilichotoka London mwaka 1998, amemtaja Haruna Taratibu miongoni mwa walioisimamisha TANU Dodoma. Ni vijana wangapi wa Dodoma wanaolijua jina hilo? Lililofichika halifichuki kwa manung'uniko. Hufichuka kwa kuuliza, kuandika na kuhakiki.

Wako wenzetu waliokwisha kuitengeneza njia hii. Ujerumani ina mashindano ya historia kwa vijana tangu mwaka 1973, yaliyoasisiwa na Rais Gustav Heinemann pamoja na Körber. Huko kijana hapewi kengele ya kugonga. Hupewa jambo la kuchunguza katika mji wake mwenyewe, akawauliza wazee, akasoma barua na nyaraka, kisha akaandika aliyoyapata. Sisi hatusemi chemsha bongo ziachwe. Twasema ziongezewe uchunguzi wa namna hiyo.

Basi yafaa nini? Mzazi amwambie mwanawe anayejiandaa kwa mashindano awaendee wazee watatu, awaamkie kwa adabu, awaulize jambo moja, na aandike jina la kila mmoja, mahali alipokulia, na nani alimsimulia. Kisha alinganishe maneno yao na kitabu. Yakipatana, ashukuru, yakihitilafiana, aulize tena, asimdharau mzee wala asikitupe kitabu. Walimu nao waongeze katika maswali yao swali hili dogo: ‘Umejuaje?’ Na alama za jibu hilo zisiwe pungufu ya alama za mwaka na jina. Ikipatikana nafasi, watoto wapelekwe Kolo, Kondoa, wakaione michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006. Nyanyake mtoto naye asisahauliwe kwa kuwa hakusoma shule. Mara nyingi yeye ndiye anayeijua njaa ilipita nyumba gani, na nani aligawana chakula na jirani.

Enyi vijana, ingieni mashindanoni, mshinde kwa haki. Lakini mtakaporudi na zawadi, rudini pia na jambo moja la kweli ambalo kabla yenu halikuwa limeandikwa. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu umri mrefu wenye afya, na atujaalie masikio ya kuwasikiliza wangali nasi. Amin.