Mwaka Mpya wa Mifugo katika Mishna: Tatizo la Istilahi

Makala hii inachunguza istilahi ya Kiyahudi ambayo, ikifasiriwa kwa haraka, humpotosha msomaji wa Kiswahili. Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilishwa yapata mwaka 200 B.K., inataja miaka mipya minne: tarehe 1 Nisani kwa wafalme na sikukuu, 1 Eluli kwa fungu la kumi la mifugo, 1 Tishri kwa hesabu ya miaka, na 1 Shevati kwa miti (au 15, kwa mapokeo ya Hileli). Hiyo ya Eluli ilipingwa na Rabi Eleazari na Rabi Shimoni, walioihamishia 1 Tishri.

Tukisema "Mwaka Mpya wa Mifugo", msomaji hutarajia shamrashamra. La hasha. Sheria ilikataza mnyama wa mwaka mmoja kutolewa kwa ajili ya wale wa mwaka mwingine. Kwa hiyo mpaka wa hesabu ulihitajika. Wanyama waliingizwa zizini, wakatoka kwenye upenyo usiopitisha wawili kwa pamoja, nao wakahesabiwa kwa fimbo. Wa kumi, awe mzuri au mbaya, alitiwa alama nyekundu. Kondoo na mbuzi walihesabiwa pamoja; ng'ombe mbali. Kiutendaji, dhana iliyo karibu zaidi nasi ni "mwaka wa fedha", ambao Tanzania na Kenya huuanza tarehe 1 Julai.

Neno "zaka", lililozoeleka katika Biblia za Kiswahili, nalo lina walakini. Katika fiqhi ya Kiislamu, zaka ya kondoo huanzia arobaini, naye hutolewa mmoja: si sehemu ya kumi hata kidogo. Ajabu ni kwamba ndugu halisi wa neno la Kiebrania *maaser* ni "ushuru", kutoka Kiarabu *ushr*, yaani sehemu ya kumi; mzizi huohuo umo katika "edashara". Lakini ushuru wa leo unanuka forodha. Kwa hiyo napendekeza "mwanzo wa mwaka wa fungu la kumi la mifugo", ingawa ni refu.

Baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, utoaji huo hatimaye ulikoma, tarehe ikabaki vitabuni. Tangu 2009 baadhi ya Wayahudi, hususan Marekani, wameifufua kuwa siku ya kutafakari jinsi binadamu anavyowatendea wanyama. Kwa siku hiyo mpya, "Mwaka Mpya wa Mifugo" ni tafsiri isiyo na pingamizi.