Fahamu: Kwa nini watu wazima wanamsaka mwanasesere Blythe

Blythe, mwanasesere mwenye kichwa kikubwa na mwili mwembamba, aliingia sokoni Marekani mwaka 1972, akitengenezwa na kampuni ya Kenner. Ukivuta uzi ulio kisogoni, macho yake hubadilika kati ya rangi nne. Hakupata wanunuzi wa kutosha, na baada ya mwaka mmoja tu akaondolewa.

Aliyemfufua ni Gina Garan wa New York, aliyechapisha kitabu cha picha za mwanasesere huyo mwaka 2000. Mwaka uliofuata, Takara ya Japani ikaanza kumtengeneza upya, safari hii ikiwalenga watu wazima.

Wengi hawaishii kununua. Hufungua kichwa kwa bisibisi, husugua uso kwa msasa laini kuondoa mng'ao, huchonga pua na midomo, kisha hupaka rangi upya. Nywele za kiwandani hung'olewa na kupandwa nyingine, mara nyingi manyoya ya mbuzi wa Angora.

Bei hupanda kwa sababu wale wa 1972 ni adimu, na aliyechongwa kwa mkono hana pacha. Anayeanza ajifunzie kwa mwanasesere wa bei nafuu, na avae barakoa: vumbi la plastiki si la kuvuta.