Injini Inayotetemeka

Land Rover ya baba ni kuukuu, imekwisha pita maili 200,000. Likizo iliyopita ilianza kutetemeka na kukosa nguvu mlimani. Fundi alitaka kuifungua injini yote, kwa fedha zilizowekwa kuwa karo yangu. Nikaomba tuipime kwanza. Injini ikiunguruma polepole, nilishika koleo lenye mipini ya mpira nikachomoa na kurudisha waya za plagi, mmoja mmoja. Kila nilipochomoa, ilizidi kutetemeka. Ila wa tatu haukubadili kitu. Basi silinda hiyo ndiyo iliyolala! Tukazima, nikabadilishana plagi yake na ya pili. Ubovu ukahamia silinda ya pili. Plagi mpya moja ilitosha. Lakini ile mbovu ilikuwa nyeusi, imelowa oili, dalili ya ringi zilizolika. Siku moja fundi atapata fedha zake.