Pedali ya amburayaje ikikataa kushuka
Bulidoza ya zamani ikikwama kwenye RN5 kati ya Baraka na Misisi, sisi wa machimbo tunabaki bila barabara: unga haufiki, mgonjwa anakawia. Basi mafundi wetu, musiipige pedali teke wala nyundo, mutapinda fimbo yake. Kwanza zimeni motere, shusheni kisu chini, wekeni magogo kwenye minyororo. Kisha tenganisheni fimbo na pedali. Pedali ikitembea yenyewe, ugonjwa uko mbele, kwenye fimbo ama ndani ya amburayaje. Ikibaki ngumu, ni kutu pale inapozungukia: mimineni mafuta mepesi, acheni usiku kucha, asubuhi muitikise polepole, mbele na nyuma. Ikilegea, tieni grisi, ndipo murudishe fimbo. Usiku mmoja wa kungoja ni afadhali kuliko juma nzima bila barabara.